Maili elfu kumi juu ya theluji

Mashine ilikuwa imewekwa juu ya mbao mbili mbele ya banda la mzee mmoja, kaskazini kidogo ya Duluth, katika jimbo la Minnesota. Pikipiki ya theluji ya mwaka 2006, injini ya cc 600, rangi yake nyeusi imeshapauka mabegani. Nikafungua swichi, nikasoma mita: maili 9,412. Mzee alinitazama usoni bila neno. Alijua kwamba namba ile ndiyo iliyowafukuza waliotangulia. Alitaka dola 2,800, wakati mpya ya daraja la juu siku hizi inavuka 15,000 kabla hata hujanunua kofia ngumu.

Jioni nikampigia mama, Tanga. Hakuniuliza maili. Aliuliza chombo hicho kinafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka.

"Minne, mama, theluji ikikubali."

"Na hiyo minane mingine?"

"Kinalala bandani."

Akacheka. "Basi muulize baba yako, mwanangu. Boti yake haikumfia baharini. Ilimfia mchangani, ule mwaka alioumwa mgongo."

Nimekaa na mashine ile tangu mwaka 2019, na kila ninapoifungua naona mama alikuwa na hoja kuliko matangazo yote ya vyombo vilivyotumika niliyowahi kusoma. Katika biashara hii mita ndiyo hakimu. Chini ya maili 3,000 watu wanagombania. Ikipita 6,000 wanaanza maswali. Ikikaribia 10,000 wanataja bei ya chuma chakavu. Hakimu huyu hasemi uongo, ila anasikiliza shahidi mmoja tu.

Tuanze na huyo shahidi. Maili 9,412 ni kilometa 15,000 na ushee. Dereva wa daladala angecheka. Hizo kwake ni za miezi michache. Lakini tusilinganishe barabara, tulinganishe injini. Gari dogo likienda kilometa 90 kwa saa, injini yake inazunguka kama mara 2,200 kwa dakika, yaani kiasi cha mizunguko 1,500 kwa kila kilometa. Pikipiki ya theluji ikienda kilometa 60 kwa saa njiani, injini yake inapiga kama mizunguko 6,000 kwa dakika, na hapo kilometa moja ni dakika moja. Kilometa yake moja ni sawa na nne za gari. Kuna zaidi. Injini ya mapigo mawili, tu-stroki kwa lugha ya gereji, inalipuka kila mzunguko, wakati ya gari inalipuka kila baada ya mizunguko miwili. Kwa hiyo ukihesabu moto ndani ya silinda, mashine ya yule mzee ilikuwa kama gari lililokwenda kilometa 120,000. Hilo si gari jipya, lakini hakuna anayelipeleka kwa wanunua vyuma.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, mbele ina ski mbili za kuongozea. Nyuma hakuna gurudumu. Kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozunguka chini ya kiti, waendeshaji wanauita treki, nami nitauita hivyo. Kati ya injini na treki kuna beliti moja inayopita kwenye klachi mbili zinazojibana na kujipanua zenyewe, mfumo uleule wa skuta za otomatiki, halafu kasha lenye cheni na spoketi ndani ya oili. Gia za kubadilisha hakuna. Unabonyeza kwa kidole gumba cha kulia, inaondoka.

Ugomvi wa maili 10,000 chanzo chake ni krenki. Injini ya gari ina karai la oili chini, na pampu inayoisukuma oili hiyo kila mahali. Tu-stroki haina karai. Petroli, hewa na oili kidogo vinaingia kwanza kwenye tumbo la injini, vinapita juu ya beringi za krenki, halafu ndipo vinapanda kuchomwa. Mvuvi yeyote wa pwani aliyewahi kuchanganya oili kwenye dumu la petroli ya mashine ya boti anaijua habari hii. Beringi zinaishi kwa ukungu wa oili unaopita mara moja na kwenda zake. Krenki yenyewe ni vipande vilivyobanwa kwa nguvu vikawa kitu kimoja, kwa hiyo kubadilisha beringi ya katikati maana yake ni kuipeleka kwa fundi mwenye presi na ujuzi wa kuinyoosha tena. Kuanzia kushusha injini hadi kuirudisha, bili hufika dola 2,000 hadi 3,000. Kwa mashine yenye thamani ya 2,500, bili hiyo ni cheti cha kifo. Ndiyo maana wanunuzi wanakimbia, na siwalaumu.

Ila krenki nyingi hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa njaa na kutu. Pampu ya oili ikirekebishwa vibaya, au sili ya mwisho wa krenki ikichoka na kuvuta hewa ya wizi, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, pistoni inatoboka. Au mashine inalala miezi minane na unyevu tumboni, beringi inaota kidoa cha kutu kisichozidi kichwa cha pini, na kidoa hicho kinaanza kusaga msimu unaofuata. Mita haiandiki lolote katika hayo. Mashine yenye maili 2,500 iliyokaa miaka kumi chini ya turubai naiogopa kuliko ya mzee yenye 9,412, kwa sababu ya mzee ilikuwa ikiamka kila mwaka.

Kupima kwenyewe si kazi ya siku nzima. Unatoa plagi zote, unafunga geji ya kompresheni kwenye silinda moja, unafungua kabureta wazi kabisa, unavuta kamba mpaka sindano isimame, kisha unahamia ya pili. Ya mzee ilisoma 122 na 120. Namba kubwa ni nzuri, lakini la maana zaidi ni ukaribu wa hizo mbili. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia kumi, silinda moja ina kisa ambacho muuzaji hajakisema. Halafu unaishika klachi ya mbele kwa mikono miwili na kuitikisa juu na chini. Ikicheza, krenki inaomba msaada. Mzee alisimama pembeni ananiangalia, na nilipomaliza akaniletea daftari la shule lenye kila oili aliyomwaga tangu 2006. Hilo daftari ndilo lililouza mashine.

Vingine vinavyochakaa ni vingi, lakini ni vya bei nafuu, na hapa ndipo woga wa wanunuzi unapopotea njia. Treki inateleza juu ya reli mbili zilizovishwa plastiki, na kilainishi cha plastiki hiyo ni theluji yenyewe. Inaliwa, unaitelezesha nje, unaingiza mpya, saa moja imekwisha. Vyuma vigumu vya chini ya ski vinaliwa na lami pale unapovuka barabara. Cheni ndani ya kasha inalegea, unaikaza kwa bolti moja ya nje, na kila mwaka unamwaga oili yake na kuangalia unga wa chuma kwenye sumaku ya kizibo. Beliti ni dola 100 na zaidi. Inaweza kuishi maili 3,000 kwa mtu mpole na 300 kwa mwenye papara. Ikipungua upana kwa milimita tatu hivi, mashine inakosa nguvu za kuondokea, watu wanadhani injini imechoka, wanaiuza. Nimeona mtu akiuza mashine nzima kwa ajili ya beliti.

Beringi za magurudumu madogo yanayoibana treki zinastahili aya yao. Msimu wa pili nilisikia mluzi nyuma, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikaegemeza mashine ubavuni, nikazungusha magurudumu moja moja kwa kidole. Tisa yalizunguka kimya. La kumi likakwaruza. Nikalitoa, nikaifuta beringi kwa kitambaa, nikasoma maandishi ya ubavuni: 6205. Duka la wakala lilikuwa linaiuza ndani ya kiboksi chenye nembo kwa bei iliyonifanya nirudie kuisoma. Lakini 6205 ni namba ya dunia nzima. Imo kwenye mota za umeme, imo kwenye pampu za maji, na ukienda Kariakoo na namba hiyo mkononi hutauliza duka la pili. Nikanunua kumi kwa bei ya tatu za wakala, nikabadilisha zote mchana mmoja. Ukiitazama hivi, pikipiki ya theluji yenye maili nyingi si kitu kimoja kilichozeeka. Ni injini moja ya kuheshimiwa katikati ya vitu vya kubadilisha.

Injini ya mapigo manne ilikuja kuubadilisha mjadala, na haikuletwa na wapenda mashine za kudumu. Ililetwa na moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hewa kwenye lango la magharibi la hifadhi ya Yellowstone ilikuwa mbaya kiasi kwamba askari wa hifadhi walipewa vinyago vya kupumulia. Serikali ya Marekani ikapitisha mwaka 2002 kanuni za moshi kwa mashine hizi, zikaanza kufanya kazi mwaka 2006, na Yellowstone ikaweka masharti makali zaidi. Yamaha walikuwa wameshatoa RX-1, ya modeli ya 2003, yenye injini iliyotokana na ya pikipiki yao ya mbio. Nzito, kimya, oili yake inazungushwa na pampu kama ya gari. Leo si ajabu kukutana na mashine za ukoo huo zikiwa na maili 20,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Kwa hizo, maili 10,000 ni ujana.

Hapa nikiri jambo linalonisumbua. Tu-stroki ya kabureta kama yangu inaachia hata robo ya petroli yake itoke kwenye ekzosi bila kuungua, kwa sababu mlango wa kuingilia na wa kutokea unakuwa wazi kwa wakati mmoja. Anayeitunza mashine ya namna hii iishi milele anautunza na moshi wake. Kwa upande mwingine, kutengeneza mpya kunataka alumini mpya, mpira mpya na meli ya kuvileta, na mimi naendesha maili mia sita kwa mwaka. Ningekuwa naendesha elfu nne, kama mwongoza watalii, ningeiuza kesho ninunue ya mapigo manne. Kwa maili mia sita nimeamua kuvumilia harufu.

Turudi kwenye usingizi, ambako ndiko mashine inakozeekea hasa.

Petroli nyingi za Marekani zina ethanoli asilimia kumi. Ethanoli inapenda maji. Inayavuta kutoka hewani, na yakizidi inajitenga na petroli na kushuka pamoja na maji hayo chini ya tangi. Petroli yenyewe ikikaa inageuka kuwa gundi ya kijani ndani ya matundu ya kabureta, na tundu moja dogo pale halizidi unene wa uzi wa kushonea. Minnesota inaruhusu petroli isiyo na ethanoli iuzwe kwa ajili ya boti, magari ya kale na mashine hizi, na wenyeji wanajua ni kituo gani kinayo. Mimi nilijua pia. Lakini masika ya 2020, dunia ikiwa na mambo mengine, niliiacha mashine na nusu tangi ya petroli ya kawaida, nikaifunika turubai, nikaisahau.

Desemba ikawaka kwa mvuto wa nne, nikajisifu. Nje kulikuwa na nyuzi 24 chini ya sifuri. Wasichokijua wageni ni kwamba baridi ile inafanya hewa iwe nzito, oksijeni inaingia nyingi zaidi, na kabureta iliyopangiwa siku ya nyuzi tano inakuwa bahili wa petroli. Zamani kila mwendeshaji alikuwa na jedwali la kubadilisha matundu kulingana na baridi na mwinuko. Yangu ilikuwa na ubahili huo, na juu yake tundu la upande wa kushoto lilikuwa limeziba nusu. Kilometa ya kumi na mbili, katikati ya ziwa lililoganda, injini ikabadilisha sauti, ikawa nyembamba, tamu kabisa. Utamu ule ni dalili mbaya na sikuijua. Kisha ikanoki. Nikabaki nasikia barafu ikilia chini yangu na pumzi zangu ndani ya kofia.

Nilipofungua kichwa cha injini, pistoni ya kushoto ilikuwa imemomonyoka ukingoni upande wa ekzosi kama mkate ulioumwa na mtoto, na alumini yake imepakwa kwenye ukuta wa silinda. Kuta za silinda hizi zimefunikwa nikeli ngumu yenye chembe za kabaidi. Huwezi kuzikwangua na kuweka pistoni kubwa zaidi kama tunavyozoea kwenye chuma. Zikichubuka hadi ndani, zinapelekwa kiwandani kupakwa upya. Jirani, fundi wa bomba mstaafu, aliniambia nisikate tamaa kabla ya kujaribu asidi. Tukaipaka taratibu kwa kijiti cha pamba, nje, upepo ukiwa mgongoni. Ikachemka, ikala alumini, ikaiacha nikeli iking'aa salama. Pistoni mpya na ringi, pini, gasketi: dola 210. Hayo ni malipo ya nusu tangi ya petroli iliyolala. Katika miaka yangu yote na mashine hii, maili hazijawahi kunitoza kiasi hicho kwa mkupuo.

Tangu hapo kuilaza nimekufanya ibada ya Aprili. Petroli safi inapita kwanza hadi kwenye kabureta. Injini ikiwa bado inawaka napuliza oili nzito kwenye mdomo wa hewa mpaka moshi ufunike banda na mashine ijizime kwa kukosa pumzi. Oili hiyo ndiyo itakayokaa juu ya beringi za krenki hadi Novemba. Kisha kabureta zinamwagwa. Beliti inatoka. Betri inatoka. Nyuma inainuliwa ili treki isikae na mkunjo mmoja miezi minane. Mdomo wa hewa na ekzosi nazifunga kwa waya laini wa kusugulia sufuria, kwa sababu ya panya. Panya wa hapa anaipenda pikipiki ya theluji kuliko mwenye nayo. Sanduku la hewa lina sponji, lina giza, halina paka. Jamaa yangu mmoja alipuuza waya huo, na mwezi wa kumi na moja injini yake ikavuta kiota kizima hadi kwenye pistoni.

Kwa watu wa kaskazini zaidi, habari ya mashine hizi haikuanza kama starehe. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alipoteza mtoto wa miaka miwili majira ya baridi ya 1934 kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Gari lake la theluji la watu saba likatoka mwaka 1937, na Ski-Doo ndogo mwaka 1959. Edgar Hetteen wa Roseau, hapa Minnesota, mmoja wa waanzilishi wa Polaris, alivuka Alaska kutoka Bethel hadi Fairbanks mwaka 1960, karibu maili 1,200, ili tu kuonyesha kwamba mashine hizi hazifii njiani. Mtaalamu wa jamii Pertti Pelto aliandika mwaka 1973 kitabu kizima kuhusu Wasami wa Skolt wa kaskazini mwa Ufini, waliobadilisha ski na sleji za kuvutwa na kulungu wa kaskazini kwa mashine ndani ya miaka kumi hivi. Alichokiona si kasi tu. Mchunga kulungu ambaye jana alihitaji miguu na maarifa, leo alihitaji fedha taslimu za petroli na spea, na aliyezikosa alitoka kwenye uchungaji. Umri wa mashine ulikuwa umeshakuwa umri wa kazi ya mtu.

Ndiyo maana vijiji vya Alaska na kaskazini mwa Kanada, ambako kipuri kinafika kwa ndege au kwa meli ya kiangazi, havikuwahi kupenda kilicho kipya kwa sababu ni kipya. Walipenda mashine kama Yamaha Bravo: silinda moja, cc 250, inapozwa kwa feni, haina maji ya kuganda wala kuvuja, na ikifa inageuka kuwa duka la spea la ile inayofuata nyuma ya nyumba.

Swali la spea ndilo ambalo mnunuzi wa maili nyingi anapaswa kuliuliza kabla hajaitazama mita, na ndilo linaloulizwa mara chache. Mwaka 1971 Amerika Kaskazini peke yake ilinunua pikipiki za theluji karibu 495,000, kutoka kwa watengenezaji zaidi ya mia moja. Leo soko la dunia nzima ni sehemu ndogo tu ya hizo. Bei ya mafuta ya 1973, majira ya baridi yenye theluji haba na wingi wa viwanda visivyo na mtaji vilisafisha uwanja. Hata John Deere, wenye kila sababu ya kudumu, walikaa tangu 1972 hadi 1984 wakaondoka. Wakabaki wanne. Mwaka 2023 Yamaha wakatangaza kwamba wanaacha, mauzo ya Amerika Kaskazini yakiishia modeli ya 2025, huku wakiahidi kuendelea na spea na huduma. Arctic Cat wa Thief River Falls walisimamishiwa uzalishaji na mmiliki wao, Textron, wakauzwa mwaka 2025.

Angalia kichekesho kilichomo humo. Injini za mapigo manne zenye sifa ya kuishi kuliko zote zilitoka kwa kampuni iliyoondoka. Mwenye Yamaha ya maili 15,000 ana injini inayoweza kufika 30,000, lakini plastiki ya mwili, kioo cha dashibodi na sanduku la umeme vya modeli yake havitatengenezwa kwa ajili yake peke yake. Injini itangoja vipuri vidogo. Kwa mashine rahisi kama yangu hali ni nyepesi zaidi: beringi zina namba za dunia, pistoni zinatengenezwa na viwanda vya nje, kabureta ni za aina iliyofungwa kwenye mashine chungu nzima. Zinazotoka sasa zina kompyuta inayoongoza vali za ekzosi, pampu ya oili na muda wa plagi. Zinakunywa kidogo, zinatoa moshi mdogo, na sioni mzee wa mwaka 2045 akizifufua kwa spana na daftari.

Fedha, kwa kifupi. Misimu minne ya kwanza niliendesha maili 2,600. Mashine 2,800, matengenezo yote pamoja na ile pistoni 1,900, na ningeweza kuiuza kwa 2,000 wakati ule. Nimepoteza dola 2,700, kama dola moja kwa maili, petroli kando. Mwenzangu wa kazini aliyenunua mpya kwa 16,000 msimu uleule aliiuza kwa 8,000 akiwa na maili kama zangu. Yake ilimgharimu zaidi ya dola tatu kwa maili, na hakuwahi kuchafua mikono. Ameridhika. Mimi mikono yangu haikuhesabiwa humo, na ikihesabiwa kwa mshahara wa fundi wa Minnesota, nimeshindwa vibaya. Mwenye maili nyingi anaokoa fedha endapo tu Jumamosi zake ni za bure.

Lililobaki ni theluji. Injini nyingi za leo zinapozwa na maji yanayopita kwenye rejeta ndefu chini ya kiti, na rejeta hiyo inangoja treki iitupie theluji. Kwenye barafu tupu hakuna cha kutupiwa. Plastiki za reli nazo zinakosa kilainishi, zinayeyuka, zinanuka. Watu wanafunga vijiti vya chuma vinavyokwaruza barafu ili vipandishe unga juu, na vinasaidia kidogo. Maili mia juu ya theluji laini ya Januari na maili mia juu ya ziwa kavu la Machi zinaandikwa sawa na mita.

Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyorekodiwa Minnesota. Jimbo lina maili 22,000 hivi za njia zilizotengwa kwa mashine hizi, na nyingi zilikaa wazi zikionyesha majani. Nilitoka mara mbili tu. Aprili nikafanya ibada yangu kama kawaida. Novemba iliyofuata mashine ikawaka, ikatembea mita mia mbili, ikazima, ikawaka, ikazima. Pampu ya petroli ya tu-stroki haina mota, inasukumwa na pumzi ya tumbo la injini kupitia ngozi nyembamba ya mpira. Nikaifungua juu ya gazeti. Ngozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka kwenye kona kama ganda la chungwa lililokaa juani.

Nikaenda kwa wakala kutafuta ngozi mpya. Kijana wa kaunta akataka mwaka na modeli, akaandika kwenye kompyuta, akaniletea kifuko cha dola 34. Akauliza, kwa mazoea tu, mashine imekwenda maili ngapi tangu ngozi ya mwisho iwe nzima.

"Arobaini na moja," nikamwambia.

Akadhani natania, akasubiri nimalizie namba.